Filamu Tatu za Wanawake wa Viwanda vya Vita: Utazame Ipi Kwanza?

Katika filamu nyingi za Vita Kuu ya Pili, ndege tunaikuta tayari iko angani. Rubani kavaa kofia yake ya ngozi, injini inanguruma, na hakuna anayeuliza bati la bawa lile limepigwa ribiti na mkono wa nani. Mimi swali hilo halinitoki. Mwaka 1944 pekee Marekani iliunda ndege za kijeshi zaidi ya 96,000, na Uingereza zaidi ya 26,000. Ziliundwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa wanawake ambao miaka michache nyuma hawakuwahi kushika keekee.

Filamu za kuigiza zinazowafuata wanawake hao mpaka ndani ya kiwanda ni chache. Hapa nazilinganisha tatu: “Millions Like Us” ya Uingereza (1943), “Ichiban utsukushiku” ya Japani (1944), jina ambalo ningelifasiri Wazuri Kuliko Wote, na “Swing Shift” ya Marekani (1984). Ya Uingereza na ya Marekani ni za kiwanda cha ndege chenyewe. Ya Japani ni ya kiwanda cha lenzi za darubini na vyombo vya kulengea shabaha. Nimeiingiza makusudi, kwanza kwa sababu ndege isiyoweza kulenga ni mzigo tu angani, na pili kwa sababu tukiiacha tutakuwa tumesikiliza upande mmoja wa vita.

Niseme mapema napimia nini. Umaarufu wa waigizaji siuhesabu. Naangalia kama filamu inaiheshimu kazi yenyewe, yaani kama inakaa na mikono ya wafanyakazi mpaka nasi tukaelewa ugumu wake. Na naangalia kama inathubutu kuuliza wanawake hawa watakuwa nani vita vikiisha. Nitagusa na miisho ya hadithi, kwa hiyo asiyependa kujua mwisho kabla ya kutazama aishie hapa na aanze na ile ya Uingereza.

“Millions Like Us” iliandikwa na kuongozwa na Frank Launder na Sidney Gilliat kwa kampuni ya Gainsborough. Ilizaliwa katika shida halisi. Desemba 1941 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaita kazini wanawake wasio na waume wenye umri kati ya miaka 20 na 30, na wengi walipoulizwa wanataka nini walitaka sare: jeshi la anga, jeshi la majini, uuguzi. Kiwanda kilikuwa cha mwisho katika mawazo yao. Wizara ya Habari ikaiunga mkono filamu itakayowapa moyo.

Celia Crowson, anayeigizwa na Patricia Roc, ni mmoja wao hasa. Ni binti mpole anayelea nyumba ya baba yake, aliyezoea kukaa kivulini huku dada yake mchangamfu akitazamwa na kila mtu. Wito unapokuja anaanza kuota mchana, akijiona katika sare hii na ile, maafisa watanashati wakimzunguka. Kisha anakaa mbele ya mama mmoja wa ofisi ya kazi na kuambiwa kwa upole kwamba mwenye ovaroli analitumikia taifa sawa na mwenye sare. Uso wa Roc unanywea kidogo, kidogo sana, na huo ukidogo ndio ufundi wake. Yeyote aliyewahi kupangiwa kazi asiyoiomba atamwelewa hapohapo.

Kiwandani kwenyewe kamera iliingia katika kiwanda halisi cha ndege, na wanaoonekana kwenye mashine nyuma ya waigizaji ni wafanyakazi wenyewe. Launder na Gilliat walikuwa wamezunguka nchi kutazama viwanda kabla ya kuandika, nayo inaonekana. Unasikia mngurumo unaomtisha msichana siku ya kwanza. Unaiona ile foleni ndefu ya mashine, unaliona bweni lenye vitanda viwili chumbani na mtu usiyemjua kwenye kitanda cha pili. Kwenye bweni hilo Celia anakutana na Gwen kutoka Wales, msichana msomi mwenye moyo mkubwa. Na Annie kutoka kaskazini, mzoefu wa maisha magumu. Na Jennifer, binti wa watu wenye nazo, ambaye hajawahi kuamrishwa na mtu na kazi inamshinda. Nyapara wao, Charlie Forbes, ni mtu wa Yorkshire asiyepamba maneno. Eric Portman anamwigiza bila kumpendezesha, na Charlie na Jennifer wanagombana tangu siku ya kwanza.

Kuna kitu kidogo mwanzoni ninachokipenda sana. Filamu inaanza na likizo ya pwani kabla ya vita, na msimulizi anasimama kuwaeleza watazamaji wake chungwa ni kitu gani. Ni utani, lakini watazamaji wa 1943 walikuwa hawajaliona chungwa kwa muda mrefu. Sisi tunaolimenya kituo cha basi bila kufikiri tunahitaji kuukumbuka utani huo tunapotazama yanayofuata, maana ndiyo namna ya filamu nzima: vita vinapimwa kwa vitu vya nyumbani vilivyotoweka.

“Ichiban utsukushiku” ilitoka Aprili 1944, ikiwa kazi ya pili ya Akira Kurosawa kama mwongozaji. Jeshi la majini lilikuwa limemtaka atengeneze filamu ya mapigano yenye ndege za Zero, ndege za kivita za Japani. Mpango huo ukafa, naye akageukia wasichana wa kujitolea wa kiwanda cha vioo huko Hiratsuka. Hakutaka waigizaji wanaoigiza kazi. Aliwaweka waigizaji wake kwenye bweni la kiwanda halisi cha Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo dunia inaijua kwa kamera za Nikon, wakaishi kama wafanyakazi, wakafanya kazi, wakakimbia mazoezi ya asubuhi, wakacheza voliboli, wakajifunza kupiga ngoma na filimbi za gwaride. Rangi za midomoni na unga wa uso vikapigwa marufuku.

Matokeo yake, katika filamu zote tatu, hii ndiyo inayoijua kazi kwa undani zaidi. Hadithi yenyewe ni ya kazi tupu. Kiwanda kinatangaza lengo jipya la uzalishaji: wanaume waongeze kwa asilimia 100, wasichana kwa asilimia 50. Wasichana wanaumia. Wanaona wamedharauliwa, na kiongozi wao Tsuru Watanabe anakwenda kuomba wapewe theluthi mbili ya nyongeza ya wanaume. Wanakubaliwa. Kuanzia hapo tunatazama grafu ya uzalishaji ikipanda na kushuka kama joto la mgonjwa. Mmoja anaficha homa asirudishwe kwao. Mwingine anaanguka kutoka juu ya paa la bweni, anavunjika mguu, na anarudi kazini na magongo. Na katika sehemu kubwa kuliko zote, Watanabe anagundua kwamba lenzi moja ambayo hakuimalizia kurekebisha imechanganyika na zilizopita. Lenzi moja, katika maelfu. Anakaa usiku kucha kwenye hadubini kuitafuta, akijiimbia ili asisinzie.

Sijui filamu nyingine inayofanya ukaguzi wa vifaa uwe na mvuto wa namna hiyo. Chumba kimoja, msichana mmoja, jicho moja kwenye kioo, na mimi mtazamaji nashindwa kupumua.

Lakini hapo ndipo penye ugumu wake. Filamu inafunguka na mwito wa kumpiga na kumwangamiza adui, na haitoki kwenye mwito huo hadi mwisho. Mama yake Watanabe anaugua, anakufa, na binti anabaki kazini. Kurosawa anatuonyesha machozi yake, ila mpangilio mzima wa hadithi unatutaka tuone kwamba kubaki kwake ndiyo uzuri unaotajwa kwenye jina. Swali langu la pili, watakuwa nani vita vikiisha, halipo kabisa. Hakuna kesho katika filamu hii. Kuna lengo la wiki ijayo tu.

Nasi tuna sababu yetu ya kuitazama kwa uzito. Mwaka huohuo wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa ikishuka Bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope, ikiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu hao wa makabila mengi. Kila nikimwona Watanabe akiinamia hadubini nawakumbuka hao babu zetu, ambao lenzi za namna ile zilitengenezwa ili waonekane vizuri kutoka mbali. Na bado namhurumia. Filamu inayoweza kunifanya nimhurumie binti anayesaga kioo cha kumlengea babu yangu si filamu ndogo. Kurosawa mwenyewe aliandika uzeeni kwamba hii si kazi yake kubwa, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wake. Yoko Yaguchi, aliyemwigiza Watanabe na aliyekuwa msemaji wa waigizaji wenzake walipokuwa na malalamiko dhidi ya mwongozaji, alikuja kuolewa na Kurosawa mwaka 1945.

Sasa Marekani. “Swing Shift” iliongozwa na Jonathan Demme na kutoka mwaka 1984, miaka 40 baada ya matukio. Jina lake ni la zamu ile inayoanza alasiri na kuishia karibu na usiku wa manane. Kay Walsh, anayeigizwa na Goldie Hawn, ni mke wa nyumbani huko Santa Monica, California. Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, inashambuliwa na Wajapani Desemba 1941, mumewe Jack anaingia jeshi la majini, na Kay anajiandikisha katika kiwanda cha ndege. Kiwanda cha kwenye filamu ni cha kubuni, ila eneo si la kubuni: Santa Monica ndipo kampuni ya ndege ya Douglas ilipokuwa na kiwanda chake. Jirani yake Hazel, mwimbaji wa klabu ambaye Jack alimdharau, anakuwa rafiki yake wa chanda na pete. Na kuna Lucky, mfanyakazi mwenzao anayepiga tarumbeta usiku, aliyekataliwa jeshini kwa ajili ya moyo wake.

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote kuitazama. Ina rangi, ina muziki wa dansi, Kiingereza chake ni cha juzi, na Christine Lahti katika nafasi ya Hazel anastahili kila sifa aliyoipata, pamoja na kuteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kila Hazel anapoingia, filamu inachangamka. Urafiki wake na Kay, jinsi wanavyopita kutoka kudharauliana hadi kutegemeana, ni kitu ambacho zile mbili za zamani hazikukipa nafasi kubwa hivyo.

Kasoro yake ni kwamba kiwanda kinageuka kuwa mandhari. Kay anajifunza kazi haraka, anapandishwa na kuwa kiongozi wa kikundi, nasi tunaambiwa hivyo kuliko tunavyoonyeshwa. Kinachoshika usukani ni mapenzi ya watu watatu: Kay, Lucky, na mume aliye mbali. Inajulikana kwamba Demme na Hawn hawakuelewana kuhusu filamu iweje, kwamba sehemu zilipigwa upya na uhariri ukabadilishwa, na kwamba jina la mwandishi linaloonekana kwenye skrini, Rob Morton, si la mtu halisi. Mtazamaji makini anauona mshono. Kuna filamu ya wanawake wawili na kazi yao iliyofichwa chini ya filamu ya penzi la siri, na kila mara ile ya chini inapochungulia, inapendeza kuliko ya juu.

Ila lazima niitendee haki kwa jambo moja. Kwa kuwa ilitengenezwa baadaye, inayajua yaliyotokea 1945, na haiyafichi. Vita vinakwisha, wanaume wanarudi, wanawake wanaondolewa kiwandani. Walioambiwa miaka minne kwamba nchi inawahitaji wanaambiwa warudi jikoni, na filamu inatuachia uzito wa jambo hilo. Kwa kipimo changu cha pili, hapa inapata alama.

Inachokosa ni upana. Wahusika wake wakuu wote ni weupe, ilhali milango ya viwanda hivyo ilikuwa uwanja wa mapambano kwa wafanyakazi weusi. Ilichukua tishio la maandamano ya A. Philip Randolph, kiongozi mweusi wa chama cha wafanyakazi, kumfanya Rais Roosevelt atoe, Juni 1941, amri ya kukataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi. Kwa hiyo ukiichagua “Swing Shift”, tafadhali usiiache peke yake. Itafutie mwenzake: “The Life and Times of Rosie the Riveter”, filamu ya hali halisi ya Connie Field ya mwaka 1980, ya saa moja na dakika chache. Ndani yake wanawake watano waliofanya kazi za vita, watatu kati yao weusi, wanasimulia kwa vinywa vyao, na kila wanachosimulia kinawekwa kando ya filamu za matangazo za serikali za wakati ule. Tangazo linasema wanawake walirudi nyumbani kwa furaha. Mama aliyekuwepo anasema alichokitaka yeye. Sijapata kuona uongo ukivuliwa nguo kwa utulivu namna ile.

Turudi kwenye swali la kesho, maana ndilo linaloipandisha “Millions Like Us” juu ya wenzake machoni mwangu. Hii ni filamu iliyoungwa mkono na serikali, katikati ya vita, wakati hakuna aliyejua vitaisha lini. Ungetegemea iseme kwamba taifa limekuwa kitu kimoja, tajiri na maskini bega kwa bega, na basi. Badala yake, Jennifer na Charlie, baada ya ugomvi wao wote, wanakaa juu ya kilima wakiitazama nchi chini yao, na ni wazi kwamba wanapendana. Filamu yoyote ya kawaida ingewaozesha palepale. Charlie anakataa. Anamwambia kuna watu wa aina mbili, yeye ni wa aina moja na Jennifer wa nyingine, kwamba wako pamoja sasa kwa sababu kuna vita na inabidi, lakini vita vikiisha je? Hatamwoa mpaka awe na hakika. Hapo ndipo filamu inapowaacha. Waliiandika hiyo mwaka 1943! “Swing Shift” ilikuwa na miaka 40 ya kutafakari, na haikufika kwenye swali hilo la matabaka kwa ujasiri huo.

Na kuhusu kifo, linganisha. Katika filamu ya Kurosawa, kifo cha mama kinakuwa mtihani wa uaminifu kwa kazi. Katika “Swing Shift” vita viko mbali. Maumivu makubwa ni ya ndoa iliyovunjika imani. Katika “Millions Like Us”, Celia anaolewa na Fred, kijana wa Kiskoti mwenye haya anayekaa kwenye bunduki ya ndege za mabomu. Gordon Jackson anamwigiza kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo kwake chumbani. Fungate yao ni fupi, wanahangaikia chumba cha kupanga na samani, mambo ya kawaida ya watu wawili wanaoanza maisha. Kisha Fred anakwenda Ujerumani na harudi. Mke anayeunda ndege amempoteza mume aliyekuwa ndani ya ndege. Filamu haimpi hotuba.

Kwa hiyo, nani atazame nini? Kama unatazama na familia Jumapili jioni, na wapo wasiovumilia picha ya nyeusi na nyeupe, weka “Swing Shift”. Hakuna atakayesinzia, ingawa wadogo wataliona penzi la nje ya ndoa na itabidi mlizungumzie. Kama wewe ni fundi, au unafundisha wanafunzi wa ufundi, au umewahi kukaa kwenye mstari wa uzalishaji, chukua ile ya Kijapani. Ina dakika 85 tu, maneno yake ni machache kiasi kwamba kusoma tafsiri chini ya skrini hakukuchoshi, na usiku ule wa lenzi utaukumbuka. Ila itazame ukijua ilitengenezwa kwa ajili gani. Aliyesoma historia atafaidi zaidi akiitazama siku moja na ile ya Uingereza, kwa sababu serikali mbili zilizokuwa vitani ziliomba kitu kilekile kutoka kwa wasichana wa umri uleule ndani ya mwaka mmoja, na majibu yakatofautiana kama usiku na mchana.

Kama ni moja tu, “Millions Like Us”, bila kusita. Ina kasoro zake: dakika za mwanzo zinarukaruka, na wale mabwana wawili wachekeshaji, Charters na Caldicott, ambao Launder na Gilliat waliwabuni kwa filamu ya Hitchcock ya mwaka 1938, wanaingia na kutoka wakitega mabomu ufukweni bila kuhusika sana na hadithi. Lafudhi nazo ni nyingi, za Wales, za Scotland, za Yorkshire, kwa hiyo ukipata nakala yenye maandishi chini, ichukue. Vumilia mpaka mwisho. Ni mchana, kantini ya kiwanda imejaa, mwimbaji yuko jukwaani na wafanyakazi wanaitikia wimbo wa zamani wa kuchekesha wa bibi harusi aliyeachwa akingoja kanisani. Celia amekaa katikati yao, mjane wa siku chache, kimya. Mwenzake anamtazama, anamhimiza kidogo. Juu ya paa ndege za mabomu zinapita kwenda kazini. Celia anainua macho, anazisikiliza, halafu anaanza kuimba na wengine.